Ratili 200 Mgongoni

Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, walowezi wa Trans Nzoia walishusha pumzi. Kwa miaka mingi mazao ya nyanda hizo yalikuwa yakikokotwa na ng'ombe kwenye magari ya mbao, yakizama matopeni kila masika, kabla ya kuonana na garimoshi. Sasa tawi la reli lililochepuka kutoka upande wa Eldoret lilikuwa mlangoni pao. Njia kuu nayo ilielekea magharibi, ikapita Webuye, ambayo siku hizo iliitwa Broderick Falls, kisha Bungoma, hadi mpaka wa Uganda. Mahindi yaliyovunwa chini ya Mlima Elgon yangeweza kufika bandari ya Kilindini bila kugusa tope.

Palibaki kipande kifupi tu cha safari. Kati ya mlango wa ghala na mlango wa behewa palikuwa na hatua chache, na hizo hazikutengenezewa mashine. Gunia lilitwikwa mtu.

Gunia lenyewe lilikuwa na kipimo chake: ratili 200, karibu kilo 91. Lilishonwa kwa nyuzi za jute, zao lililolimwa Bengal na kusafirishwa kwa meli kote palipouzwa nafaka. Kipimo hicho hicho kilitumika Afrika Kusini na Rhodesia. Makarani walikipenda, na sababu iko wazi: magunia kumi ni ratili 2,000, hesabu inakwisha bila kalamu. Mwenye shamba alijua mavuno yake kwa magunia, benki ilikopesha kwa kukadiria magunia, reli ilitoza kwa magunia. Kila aliyeshika kalamu alikuwa na la kusema kuhusu ukubwa wa gunia, ila aliyelibeba.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Wabukusu, wenyeji wa Bungoma, walilima wimbi na mtama kabla mahindi hayajatawala mashamba yao, na mavuno yaliingia ghalani kwa vikapu. Aliyebeba kikapu, mara nyingi mwanamke, ndiye aliyekijaza, na kadiri ya mzigo aliijua mwenyewe. Watafiti walikuja kuuthibitisha ustadi huo maabarani. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake, waliowapima wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa paji la uso. Walikuta kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu zaidi ya zile anazotumia akitembea mikono mitupu. Mzigo ukizidi hapo, gharama hupanda. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ni vyema pia isidhaniwe kwamba kuokoa nguvu ni sawa na kuepuka maumivu: shingo inaweza kuumia hata pale mapafu yasipohema.

Biashara ya misafara nayo, pamoja na ukatili wake wote, ilikuwa na kadiri. Mpagazi wa kutoka pwani hadi bara alibeba takriban ratili 60 au 70. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, kile kilichoacha jina lake Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mkoa wa Nyanza, ambao wakati ule ulijumuisha North Kavirondo na hivyo Bungoma ya leo, ulitoa watu wengi sana. Hesabu rasmi zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Hata jeshi hilo, lililowatumia watu hadi wakafa, lilijua kwamba mtu mmoja hatwikwi ratili 200.

Ni kweli kwamba mpagazi alitembea kutwa na kuli wa stesheni alitembea hatua chache. Lakini kuli alirudi, akachukua la pili, la kumi, la hamsini. Uti wa mgongo haupimi umbali peke yake. Hupima uzito, pembe ya kuinama na idadi ya marudio.

Walowezi walikuwa wamemiminika Trans Nzoia hasa baada ya mwaka 1919, serikali ilipowagawia mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani. Wabukusu wengi walivuka kuingia mashamba hayo wakawa maskwota: wakipewa mahali pa kujenga na kulima kidogo, nao wakitoa siku zao za kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilitaka siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Aliyeajiriwa kwa mwezi alikuwa na tiketi ya siku 30, na zilizohesabiwa ni siku alizofanya kazi. Siku ya kuumwa kiuno haikuandikwa popote. Ndiyo maana anayetafuta historia ya maumivu katika kumbukumbu za wakoloni hupata mengi juu ya tauni, ndui na malale, na karibu hapati kitu juu ya migongo. Maumivu hayaambukizi, wala hayasimamishi meli bandarini.

Vyama na bodi zilikuja na kupita. Chama cha wakulima, KFA, kilianza mwaka 1923. Udhibiti wa mahindi ukaja mwaka 1942, katikati ya vita vya pili. Baada ya uhuru ikawa Bodi ya Mahindi na Mazao, na mwaka 1979 ikazaliwa bodi ya nafaka, NCPB, yenye maghala Kitale, Moi's Bridge na Bungoma. Kila mrithi alilirithi gunia. Kenya ilipohamia vipimo vya metriki, ratili 200 zikafanywa kilo 90 kamili. Hayo ndiyo mageuzi pekee yaliyomfikia mpakiaji: gramu 700 na ushei.

Mwaka wa kukumbukwa zaidi katika habari hii ni 1964. Kitale, ambako kampuni ya Kenya Seed ilikuwa imeanzishwa mwaka 1956, watafiti walitoa mbegu chotara ya H611. Walikuwa wamechukua mahindi ya Kitale, yaliyotokana na aina nyeupe za walowezi, wakayachanganya na aina kutoka Ecuador iliyopewa namba 573. Mimea ya milima ya Andes na ya nyanda za Elgon ilikubaliana vizuri mno. Wakulima wadogo wa Bungoma na Trans Nzoia waliipokea mbegu hiyo na mazao yakapanda. Wengi husimulia historia ya mahindi ya Kenya kama kabla na baada ya chotara.

Mwaka huo huo, daktari wa mifupa kutoka Uswidi, Alf Nachemson, alichapisha na mwenzake James Morris vipimo visivyowahi kuonekana. Walichoma sindano ndani ya diski, yaani vile vipande vya gegedu vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo, katika watu walio hai, wakasoma shinikizo lililomo. Kazi ya Nachemson katika miaka iliyofuata ilionyesha kwamba mtu akiinama mbele, shinikizo katika pingili za kiuno hupanda hata kabla hajashika kitu. Akiinama huku ameshika mzigo, hupanda maradufu na zaidi.

Hakuna ushahidi kwamba kuna mtu alizisoma habari hizo mbili pamoja. Mbegu iliongeza magunia kwa ekari, na mgongo wa kuyabeba ulibaki ule ule. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa uzito wa juu wa mzigo, na katika pendekezo lililoambatana nao likataja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani walikuja kuwa wakali zaidi: kanuni yao ya kukokotoa mizigo huanzia kilo 23, nayo ni kwa mazingira mazuri kabisa, kisha hupunguza kadiri mtu anavyoinama, kujipinda au kurudia. Gunia la mahindi linazidi kilo 23 karibu mara nne.

Kwa hiyo mtu hatakiwi kuliinua peke yake, na kwa kweli haliinui. Wawili hulinyanyua, wa tatu huingia chini yake, likakaa kati ya mabega na kisogo, naye akapanda ubao hadi juu ya lori. Ni kazi ya ustadi. Magoti hupinda kidogo, hatua huwa fupi na za haraka, na pumzi hubanwa hadi gunia linapotua. Malipo ni kwa gunia, si kwa saa, hivyo kijana mwenye haraka hupata zaidi leo.

Nini huharibika? Jibu la kale la madaktari lilikuwa fupi. Mwaka 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston walieleza jinsi diski inavyoweza kupasuka, kiini chake kikatokeza na kukandamiza mshipa wa fahamu. Huo ndio ugonjwa wa maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni, kupitia takoni, nyuma ya paja hadi unyayoni, pengine na ganzi. Si ugonjwa wa leo. Anayepanda gari Kitale akashuka kupitia Marich kuelekea Lodwar, kisha akaendelea kaskazini, atafika ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, ambako mwaka 1984 Kamoya Kimeu alikuta mabaki ya kijana wa Nariokotome, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza pingili zake za kiunoni walieleza kwamba zina dalili za diski iliyoumia akiwa bado mdogo. Hakuwahi kubeba mahindi.

Lakini ugunduzi wa Mixter na Barr uliwafanya watu waiamini picha kupita kiasi. Mwaka 2015 ulichapishwa muhtasari wa tafiti za picha za watu zaidi ya 3,000 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mgonjwa aliyekopa nauli kufuata kipimo cha MRI Eldoret akarudi na karatasi yenye maneno ya kutisha anaweza kuwa amesomewa umri wake tu. Katika wagonjwa wengi wa kiuno, sehemu moja inayoweza kunyooshewa kidole haipatikani. Ni misuli, maungio madogo, kano na mfumo wa fahamu, vyote kwa pamoja.

Wachache wana jambo lingine kabisa, na hapa Kitale ina upekee wake, kwa kuwa ni mji wa wakulima na pia mlango wa wafugaji wa West Pokot. Homa ya brusela, inayopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kushika mifugo wagonjwa, huja na homa za kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya mgongo na maungio. Kifua kikuu nacho huweza kuhamia kwenye pingili na kuzila polepole hadi mgongo ukapinda. Mwenye homa, aliyekonda bila sababu, au aliyeshindwa ghafla kuuzuia mkojo na kupata ganzi sehemu za siri, huyo hapaswi kukandwa. Anatakiwa hospitali, na yule wa mkojo anatakiwa siku hiyo hiyo.

Kukandwa kulikuwa, na bado ni, kimbilio la kwanza. Jamii za Waluhya na Wakalenjin zilikuwa na waunga mifupa wao, waliofunga mvunjiko kwa vijiti na kuukanda kwa mafuta, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki watu walichanjwa na kuumikwa kwa pembe ili kuondoa damu waliyoiona kuwa mbaya. Majani yanayowasha ya thabai yalipigwa juu ya goti lililovimba. Mtu wa mjini huweza kucheka. Hata hivyo, mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza nadharia kwamba ndani ya uti wa mgongo pana aina ya lango: mguso na msuguo hupeleka ishara zinazoweza kuzuia ishara za maumivu zisipande ubongoni. Nadharia hiyo imerekebishwa sana, lakini inaeleza vyema kwa nini mkono wa mkandaji hutuliza hata kama haurekebishi kitu. Uchanjaji kwa wembe ni habari nyingine: hauna faida inayojulikana kwa goti, na wembe wa pamoja unaweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya ukimwi.

Baadaye vikaja vidonge. Leo duka la dawa liko karibu na kila soko, kuanzia Chwele hadi Kibomet, na dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa moja moja kama peremende. Kwa siku chache husaidia. Kwa miezi, bila chakula tumboni, huchoma tumbo hadi likatoa damu, na huziumiza figo, hasa za mtu anayetoka jasho kutwa na kunywa maji kidogo. Maelezo hayo yanamhusu mpakiaji neno kwa neno.

Historia ya gunia haikuwa ya wanaume peke yao. Kabla halijashonwa, mahindi yalipaliliwa, yakavunwa, yakapukuchuliwa. Palizi ni kazi ya kuinama, jembe la mpini mfupi likimvuta mtu chini kwa saa nyingi, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Kupura kwa fimbo huuchosha ule mviringo wa misuli unaoshika bega. Kisha kuna maji, kuni na mtoto mgongoni. Uchakavu wa gegedu la goti huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hasa baada ya miaka 50: goti hukakamaa asubuhi kwa dakika chache, hulia likikunjwa, huuma zaidi mtu anaposhuka mlima. Wengi huuita baridi yabisi, na jina hilo hilo hupewa ugonjwa tofauti kabisa, ule ambao kinga ya mwili hushambulia maungio ya vidole vya mikono yote miwili na kukakamaza asubuhi kwa zaidi ya saa nzima. Huu wa pili una dawa zake, na ukicheleweshwa hupinda vidole. Kuufunika kwa jina la uzee ni hasara ya mgonjwa.

Bungoma iliongezewa mizigo mingine. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kazi miaka ya 1970, na Nzoia Sugar ikaanzishwa mwaka 1975. Miwa hukatwa kwa panga mtu akiwa ameinama hadi usawa wa udongo, kisha ikapakiwa. Sukari inayotoka kiwandani hufungwa kwa kilo 50, na saruji na mbolea vivyo hivyo. Hapo ndipo hoja ya kwamba kilo 90 haziepukiki inapoanguka: mkulima yule yule hupokea mbolea kwa mfuko wa kilo 50 na kuuza mahindi kwa gunia la 90. Wakulima wa viazi walipigania kikomo cha kilo 50 hadi kikaandikwa katika kanuni, ingawa walichokuwa wakililia hasa ni kupunjwa na magunia ya vilemba, yaliyorundikwa kupita kipimo. Mgongo ulinufaika kwa bahati.

Sheria nazo zipo. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria ya usalama na afya kazini na ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, inayojulikana kwa kifupi chake, WIBA. Sehemu za WIBA zilipingwa mahakamani kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 2019 kwamba zinalingana na Katiba. Lakini fidia huanzia kwa mwajiri, na mpakiaji anayelipwa kwa gunia, leo na dalali huyu, kesho na dereva yule, hana wa kumnyooshea kidole. Tena mgongo wake haukuvunjika Jumanne saa nne. Ulichoka kwa miaka kumi na mitano.

Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu huitwa sugu, na toleo la sasa la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, limeyapa nafasi yake yenyewe, badala ya kuyaona kuwa kivuli cha ugonjwa mwingine. Sababu ni kwamba mfumo wa fahamu unaweza kuendelea kupiga kengele hata baada ya jeraha kupona. Hilo si kusema kwamba mtu anajifanya. Usingizi mbaya, madeni na hofu ya kupoteza kazi huongeza makali, na vyote hivyo si haba kwa anayelipwa kwa gunia.

Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo wa kwanza wa maumivu sugu ya kiuno. Lilipendekeza elimu, mazoezi ya mwili, baadhi ya tiba za mikono na msaada wa kisaikolojia. Lilishauri dhidi ya dawa za jamii ya afyuni, dhidi ya kuvuta uti wa mgongo kwa mashine, na dhidi ya mikanda ya kiuno kama tiba ya kawaida. Amri ya zamani ya kulala kitandani ilikuwa imekwisha kuanguka tangu mwaka 1986, Richard Deyo na wenzake walipoonyesha Marekani kwamba siku mbili za kulala hazizidiwi na saba. Kwa mkulima wa Kimilili ushauri huu si mgeni sana: endelea kutembea, rudi shambani kidogo kidogo.

Anahitaji tu mtu wa kumwonyesha namna. Kenya ilipitisha sheria ya taaluma ya fiziotherapia mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya hospitali nyingi kukabidhiwa kaunti, na huduma hiyo hupatikana katika hospitali kubwa za Kitale, Bungoma na Webuye. Ni siku nzima ya nauli na foleni kwa mtu ambaye asipobeba hali.

Oktoba ya mwaka huo huo wa 2023, serikali ilitangaza bei ambayo NCPB ingewalipa wakulima wa mahindi: shilingi 4,000. Kwa gunia la kilo 90.